Uzi: Ugonjwa wa watu 900 dunia nzima, nani amlipe mtu wa kuutafiti?

#1 Karani_wa_Ruzuku

Wakuu habari za wikendi. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu, leo nimeona niimwage hapa maana humu kuna madaktari, manesi na watu wa vyuo. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi sio daktari. Nipo ofisi ya fedha za utafiti kwenye chuo kimoja huku Marekani, mtafiti akipata ruzuku sisi ndo tunahakikisha mshahara umelipwa, vitendanishi (kemikali za maabara) vimenunuliwa na chuo kimechukua chake. Mafaili ya saratani na kisukari yanakuja manene, mamilioni ya dola, mfadhili serikali. Halafu mara moja moja linakuja faili jembamba, ukiangalia mfadhili ni familia. Yani watu wameuza keki, wamefanya mnada, wamecheza gofu ya kuchangisha, ili kijana mmoja aliyemaliza PhD alipwe miaka miwili aumize kichwa na ugonjwa wa mtoto wao. Hayo mafaili membamba ndo yaliyonifanya nianze kusoma habari za FOP.

FOP kirefu chake ni fibrodysplasia ossificans progressiva. Ni ugonjwa wa jeni ambao misuli, kano na nyama laini zinageuka kuwa mfupa. Mfupa kabisa, wenye uboho ndani. Mtoto anazaliwa mzima, dalili pekee ni vidole gumba vya miguu, vifupi na vimelala kuelekea wenzake. Kabla hajafika miaka kumi anaanza kupata uvimbe shingoni na mgongoni, uvimbe ukitulia unaacha mfupa pale ulipokuwa. Taratibu shingo inakaza, mabega yanakaza, kiwiko, nyonga, taya. Akianguka akajigonga, mfupa unaota. Ukimpasua kuutoa huo mfupa, unaota mwingine mkubwa zaidi, ndo maana huu ni ugonjwa ambao kisu cha daktari ni adui. Moyo haukazi, ulimi haukazi, misuli ya macho haikazi, kiwambo cha kupumulia hakikazi. Mtu anabaki na akili zake zote ndani ya mwili uliofungwa.

Makadirio ni mtu 1 kwa kila milioni 1 mpaka 2. Waliotambuliwa dunia nzima ni kama 900 hivi. Sensa yetu ya 2022 ilitupa watu milioni 61.7, piga hesabu mwenyewe: Tanzania peke yake wanatakiwa wawepo kati ya 30 na 60. Wako wapi? Tutarudi hapo.

Sasa kwa nini nawaambia. Pale Philadelphia kuna jumba la makumbusho linaitwa Mütter, ndani yake yamesimama mifupa ya Harry Eastlack, alizaliwa 1933 akafa 1973, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 40. Aliomba mwenyewe mifupa yake itolewe kwa ajili ya sayansi. Kawaida mifupa ya maiti lazima uifunge kwa waya ndo isimame, ya Eastlack karibu yote imeungana yenyewe. Kwa miaka mingi hicho ndo kilikuwa kiasi cha sayansi ya FOP, kitu cha kwenda kushangaa.

Kilichobadilisha mambo kilianza na barua. Dada mmoja wa Florida, Jeannie Peeper, mwenyewe mgonjwa wa FOP, alipata kwa daktari Michael Zasloff wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, majina ya wagonjwa 18. Akawaandikia wote. 11 wakajibu. Mwaka 1988 akaanzisha chama chao, IFOPA, na wanachama haohao 11. Watu 11! Hicho chama ndo kikaanza kuchangisha na kupeleka hela University of Pennsylvania kwa Frederick Kaplan, daktari wa mifupa, na baadaye Eileen Shore, mtu wa jeni. Wakatafuta hiyo jeni kwa miaka kama 15. Shida ni kwamba ili uisake jeni ilikuwa lazima upate familia ambazo ugonjwa umerithiwa toka kwa mzazi, na FOP mara nyingi hujitokeza tu kwa mtoto bila mzazi kuwa nayo, kwahyo familia za hivyo dunia nzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Aprili 2006 wakaipata: inaitwa ACVR1, herufi moja tu imebadilika, na karibu wagonjwa wote wana kosa hilohilo sehemu ileile.

Ukisoma historia yote hii unaona kitu kimoja, na hiki ndo ninachotaka kukitetea leo. Ugonjwa ukiwa mdogo hela inakuwa ndogo, na hela ndogo ukinunulia mashine umekwisha. Mlipe mtu. Tena mlipe muda mrefu. Mimi nikiletewa feloshipu (hela ya kumlipa mtafiti mmoja kwa muda fulani) nne za mwaka mmoja mmoja na feloshipu moja ya miaka minne, kwa ugonjwa kama huu nachukua ya miaka minne bila kufikiria. Mwaka wa kwanza kijana anajifunza tu kufuga panya wenye ugonjwa huo na kuandika maombi ya kibali cha maadili. Ukimkatia hapo, ameshajua mlango ulipo halafu unamfukuza, anaenda kwenye saratani ambako kuna hela, na huwezi kumlaumu ana watoto.

Hesabu yenyewe mnayo hapa. Mwaka 2024 kiwango cha NIH cha posho ya mtafiti aliyetoka tu kumaliza PhD kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, hapo hujaweka bima wala vitendanishi. Familia nyingi zinadhani zikichanga milioni moja ya dola na kuiweka kwenye mfuko wa kudumu wa chuo zimemaliza kazi. Mfuko wa kudumu hautumii mtaji, unatumia faida, kwa kawaida asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Milioni moja inakupa dola 40,000 mpaka 50,000. Posho ya kijana mmoja haijatimia! Ndo maana zile familia zilizoweza kuweka viti vya uprofesa (mfuko wa kudumu wa kumlipa profesa mmoja), kama hicho anachokalia Shore kinachobeba majina ya familia za Cali na Weldon, zilichanga kwa miaka na miaka.

Na matunda yake ni watu. Robert Pignolo alifanya kazi hiyo pale University of Pennsylvania, leo yupo hospitali ya Mayo Clinic na FOP yake. California, chuo kikuu cha UCSF, yupo Edward Hsiao. Ugonjwa uliokuwa na daktari mmoja sasa una vituo.

Swali langu kwenu: kwetu huku hii kitu inawezekana? Ya mtu kulipwa kushughulika na magonjwa adimu ya mifupa tu. Karibuni.

#2 Sudi_Kigoma

Mkuu uzi mzuri ila niseme ukweli, huu ni utafiti wa watu walioshiba. Sisi huku malaria inaua watoto, mama anajifungulia njiani, dispensari haina hata glovu, halafu tukalipe mtu miaka minne atafute ugonjwa wa watu 60? Hata hao 60 hujawaona umewapigia hesabu tu. Hela ya huyo mmoja inanunua vyandarua vya kata nzima.

#3 Karani_wa_Ruzuku

Sudi hoja yako naiheshimu, na ingekuwa hela inatoka mfuko mmoja ningekubaliana na wewe hapohapo. Ila hela ya FOP haikuchotwa kwenye vyandarua, hiyo familia isingechanga kabisa kama sio mtoto wao.

La pili, magonjwa haya adimu yana tabia ya kufungua milango ya watu wengine. Nikupe mfano wa Afrika hii hii. Kuna ugonjwa unaitwa sclerosteosis, ni kama kinyume cha mifupa kuvunjika hovyo: mfupa unajengwa kupita kiasi, fuvu linanenepa mpaka linabana mishipa ya fahamu, mtu anakuwa kiziwi, uso unapooza, wengine wanazaliwa vidole vimeungana. Unapatikana zaidi kwa Makaburu wa Afrika Kusini, wagonjwa hawafiki hata mia. Profesa Peter Beighton wa Cape Town alikuwa akizifuatilia hizo familia tangu miaka ya 1970. Mtu angesema kama wewe, Makaburu wachache wana umuhimu gani? Mwaka 2001 jeni ikapatikana, ikaitwa SOST, kumbe inatengeneza protini ya kuzuia mfupa usijengwe. Watu wa kampuni wakasema basi tukiifunga hiyo protini kwa bibi kizee mwenye mifupa dhaifu mfupa wake utajengeka. Dawa yake, romosozumab, imeruhusiwa Marekani 2019. Wanaotumia leo ni wazee wenye osteoporosisi ambao hata jina la sclerosteosis hawajawahi kulisikia.

Hata hiyo ACVR1 ya FOP, mwaka 2014 watafiti wa saratani ya ubongo ya watoto, ile mbaya inayokaa kwenye shina la ubongo, wakakuta takriban robo ya zile saratani zina kosa kwenye jeni hiyohiyo. Walipoikuta hawakuanza sifuri, kulikuwa na watu wameshaisoma miaka minane. Hao watu walilipwa na bingo na gofu.

#4 NesiZuhura_Tanga

Mimi niongelee upande wa wodini. Kaka Karani umeeleza vizuri ila umeruka kitu ambacho kwetu manesi ndo kikubwa: SINDANO. Mgonjwa wa FOP sindano ya msuli ni hatari, chanjo ya paja, dawa ya makalio, zote. Sindano ya ganzi ya meno ile ya nyuma ya taya inaweza kumfunga mdomo asifungue tena maisha yake yote. Damu ya kutoa kwenye mshipa wa mkono haina neno, sindano ya chini ya ngozi nayo inavumilika, ila msuli hapana.

Sasa fikiria mtoto wa kwetu. Shingo imevimba ghafla, imekuwa ngumu. Bibi anaanza kuchua na mafuta ya moto, anakandamiza haswa mpaka mtoto analia. Haijatulia, anapelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji anachanjwa kwa wembe. Haijatulia, wanakuja hospitali, tunahisi saratani au TB ya tezi, tunachoma sindano za paja siku kadhaa, halafu anaandikiwa kukatwa kinyama kipelekwe maabara. Kila hatua hapo imemuongezea mfupa. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja, wote wanamhangaikia.

Mimi kisa kama hiki nilikishuhudia hospitali moja nisiyoitaja, mtoto wa kike, mkono ulianza kugoma baada ya kufanyiwa biopsi. Sijui kama ilikuwa FOP maana hakupimwa jeni, aliondoka na familia yake hatukumuona tena. Lakini niliposoma habari za vidole gumba baadae nilikumbuka miguu yake, maana mimi ndo nilimvalisha ndala siku anaruhusiwa, kidole gumba kilikuwa kinaingia chini ya kile cha pili ndala haikai.

#5 Karani_wa_Ruzuku

Dada Zuhura asante sana. Na msidhani ni huku kwetu tu. Kuna utafiti ulitoka 2005 uliwauliza wagonjwa wa FOP wa nchi mbalimbali, asilimia 87 walipewa jina la ugonjwa ambao sio, wengi wakakatwa biopsi bure, na karibu nusu walisema walipoteza uwezo wa kujongea kwa kudumu kwa sababu ya mikono ya hospitali. Hao ni watu wenye bima na hospitali kubwa.

#6 MamaKauthar

Jamani mmenitisha. Mwanangu ana miaka 3 kidole gumba cha mguu wa kulia kimepinda toka azaliwe, kimeelekea kwa wenzie. Mguu mmoja tu. Sijalala tangu nisome huu uzi. Nifanyeje?

#7 NesiZuhura_Tanga

Mama Kauthar pole, tulia kwanza. Vidole vilivyopinda watoto wanazaliwa navyo wengi mno na sababu ni nyingi, kulala vibaya tumboni, kurithi mguu wa baba, na mengine ya kawaida kabisa. Kwenye FOP kwa kawaida ni miguu YOTE miwili, na kidole kinakuwa kifupi, kama kimekosa kiungo kimoja. Mwanao hana uvimbe wowote shingoni au mgongoni? Shingo anaigeuza vizuri?

Mpeleke kwa daktari wa watoto au wa mifupa apigwe eksirei ya miguu yote miwili, hiyo haina madhara. Mwambie daktari wazi kwamba umesoma habari za FOP na unaomba aangalie. Akikuambia hapana, lala usingizi wako. Ila akitokea kupata uvimbe wa ghafla usiruhusu achuliwe wala akatwe kabla haijaeleweka ni nini.

#8 MamaKauthar

Uvimbe hana, anaruka sarakasi hapa anavunja vyombo. Asante dada yangu, Mungu akubariki. Jumatatu nakwenda.

#9 Otieno_wa_Buru

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi na nina swali la pesa tu. Hizi foundation za wazungu si ndio zile unachanga dola mia, themanini inaenda kwa ofisi na hoteli? Na chuo nacho kinakata yake. Huyo kijana wa utafiti anabaki na nini? Tusidanganyane.

#10 Karani_wa_Ruzuku

Otieno swali lako ndo mkate wangu wa kila siku, kaa hapo nikujibu.

Chuo kinakata, ni kweli. Hela ikitoka serikalini Marekani, chuo kinaongezewa juu ya bajeti gharama za jengo, umeme, intaneti, walinzi, na sisi makarani. Vyuo vikubwa kiwango chao kinapita nusu ya bajeti husika, yani mtafiti akipewa dola 100 chuo nacho kinalipwa zaidi ya 50 juu yake. Mifuko midogo ya magonjwa haikubali hiyo, wanaandika kwenye tangazo kabisa kwamba hatulipi gharama za chuo, au tunalipa asilimia 10 basi. Chuo kinanuna ila kinasaini, maana profesa anaitaka hiyo hela.

Ujanja mwingine uko kwenye aina ya ruzuku. Feloshipu ya mtu inalipa mshahara wake, inakuwa na jina lake, akihama maabara mara nyingi anaweza kuomba ahame nayo. Ruzuku ya mradi iko kwa profesa, akitaka kununua friza anaomba kuhamisha kifungu, na mimi nimeona friza nyingi kwenye hii kazi aisee, nyingine zimejaa sampuli zisizojulikana za nani.

Kuhusu ofisi na hoteli: huku chama cha hisani kinatakiwa kupeleka Fomu 990 kila mwaka kwa mamlaka ya kodi na ni ya wazi, mtu yeyote anaifungua mtandaoni. Unaona walikusanya ngapi, mkurugenzi analipwa ngapi, ruzuku zilikwenda wapi. Kabla hujachangia chama chochote fungua hiyo fomu, dakika tano tu. Wapo wezi, wapo na wanaojinyima.

#11 Dkt_Mwanafunzi_wa_Mifupa

Wakuu mimi nipo mafunzo ya ubingwa wa mifupa hapa Dar. Nimesoma mpaka mwisho, nakubaliana na nusu ya hoja ya mtoa uzi, nusu naikataa.

Nianze na ninayokubali. Hapa hapa Muhimbili tuna ushahidi kwamba ukimlipa mtu mmoja vizuri mambo yanakwenda. Profesa Julie Makani alipata ufadhili wa Wellcome Trust akashika selimundu, wakaanza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa Muhimbili tangu 2004, ikaja kuwa moja ya rejista kubwa kabisa za selimundu za kituo kimoja duniani. 2011 akapewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Kabla ya hapo selimundu ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo tele, ila hakuna aliyekuwa analipwa kuamka asubuhi na kuifikiria hiyo tu.

Ninayoikataa ni hii ya "mlipe mtu usinunue vitu". Huko Philadelphia mtu akilipwa, vitu viko chumba cha pili. Hapa unamlipa felo, kitendanishi kinaagizwa Ulaya, kinakuja ndani ya barafu kavu, kinafika uwanja wa ndege Ijumaa jioni. Kibali kimoja hakijasainiwa. Jumatatu ni sikukuu. Jumanne unakwenda na boksi lako kwenye gari, unafungua, barafu yote imeshaisha zamani na vichupa vina joto la Dar es Salaam. Felo yupo, ana mshahara, ana akili, anakaa ofisini anasoma makala za wenzake. Miaka minne inaisha hivyo. Kwa mazingira yetu bajeti isiyo na vitendanishi, mtu wa kushughulikia bandari na uwanja wa ndege, na jenereta, hiyo ni feloshipu ya kumtesa mtu.

#12 Karani_wa_Ruzuku

Daktari hapo umenigusa pabaya, hizo gharama za barafu kavu kwenye mafaili yetu huwa ni mstari mdogo sana, hakuna anayeuangalia. Ila niulize kitu. Kwa FOP unahitaji maabara kiasi gani? Kosa liko sehemu moja inayojulikana, ACVR1, karibu kwa wote. Kipimo ni kusoma kipande kimoja kifupi cha jeni. Sampuli ya damu au mate inaweza kusafirishwa. Mimi felo ninayemfikiria kwa huko nyumbani hafugi panya wala hakuzi seli, anazunguka kliniki za mifupa na za watoto anaangalia miguu.

#13 Dkt_Mwanafunzi_wa_Mifupa

Kama ni felo wa kliniki hapo tunaelewana. Na huyo usimpe FOP peke yake, atakaa mwaka mzima hajamuona mgonjwa atachanganyikiwa. Mpe magonjwa yote ya kurithi ya mifupa. Ile ya mifupa kuvunjika ovyo, osteogenesis imperfecta, hao tunawaona, mtoto analetwa amevunjika paja mara ya nne baba anashukiwa kumpiga mtoto, mama naye analia. Wapo wenye mifupa migumu kama chokaa, wapo wenye uvimbe wa mifupa mingi kila kiungo. FOP itapatikana humohumo katikati.

#14 Sudi_Kigoma

Naendelea kusoma, sijanuna. Hilo la miguu limenigusa kwa sababu halina gharama, hata mimi naweza kuangalia mguu. Lakini nipeni jibu la hili: tuseme mmempata huyo mtoto, mmemuandikisha. Halafu? Dawa ipo? Na ikiwepo ni bei gani? Maana nisije nikaambiwa mtoto wangu ana ugonjwa wenye dawa ambayo siwezi kuinunua hata nikiuza shamba na nyumba.

#15 Karani_wa_Ruzuku

Sudi hili swali ni gumu kuliko yote kwenye uzi, sitalipamba.

Dawa ya kwanza kuruhusiwa ni palovarotene. Hadithi yake yenyewe inachekesha, ilikuwa dawa ya mapafu ya kampuni ya Roche, haikufika popote. Maurizio Pacifici na Masahiro Iwamoto pale Philadelphia wakaonyesha mwaka 2011 kwamba dawa za kundi hilo zinazuia mfupa wa ziada kwa panya, maana mfupa wa FOP unapita kwanza kwenye hatua ya gegedu na dawa inaizuia hiyo hatua. Kampuni ndogo ya Montreal, Clementia, ikaichukua, 2019 Ipsen ya Ufaransa ikainunua Clementia yote kwa dola zaidi ya bilioni moja. Kanada wakaruhusu Januari 2022, Marekani Agosti 2023, Umoja wa Ulaya wakaikataa. Haiponyi, inapunguza mfupa mpya kwa kama nusu. Na inaweza kufunga sehemu za kukulia za mifupa ya mtoto mapema akabaki mfupi, ndo maana Marekani wameiruhusu kuanzia miaka 8 kwa wasichana na 10 kwa wavulana. Bei? Ilipoingia sokoni Marekani 2023 ilikuwa zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja.

Angalia mnyororo wote huo. Mwanzoni ni keki na gofu. Mwishoni ni bilioni. Sijaona popote kwamba wale waliouza keki waliandika kwenye mkataba wao kwamba dawa ikipatikana bei iwe ya kibinadamu au nchi maskini zipate kwa bei nyingine. Mimi kwa maoni yangu feloshipu yoyote ya leo ya ugonjwa adimu iwe na hicho kifungu, hata kama wanasheria wa chuo watapiga kelele.

Kuna njia nyingine nazifuatilia. Kampuni ya Regeneron 2015 waligundua kwamba kipokezi (protini ya kwenye seli inayopokea ujumbe) chenye kosa la FOP kinaitikia protini inayoitwa activin A, ambayo kipokezi cha kawaida hakiiitikii hivyo, wakatengeneza dawa ya kuifunga. Majaribio yalisimamishwa kwa muda 2020 baada ya vifo vya wagonjwa, kwahyo usidhani ni njia ya mteremko. Na kuna kundi la Oxford na Amsterdam lililoanzisha majaribio ya saracatinib, dawa iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya saratani ikawekwa kabatini. Dawa ya namna hiyo ikifanya kazi, bei ina nafasi ya kushuka.

Ila mtoto wako Sudi, ukimjua mapema, faida ya kwanza haiuzwi: hachuliwi, hachanjwi, hakatwi, hachomwi msuli. Uvimbe ukija madaktari wanatoa prednisoloni ndani ya saa 24 za mwanzo kwa siku chache, hiyo ni vidonge na famasi ya Kigoma vipo.

#16 NesiZuhura_Tanga

Hapo kwenye prednisoloni niongeze, msimpe mtoto wenyewe nyumbani, ni kwa maelekezo ya daktari. Ila ni kweli vidonge vyenyewe ni bei ya soda.

#17 Sudi_Kigoma

Sawa. Bado nasema vyandarua kwanza. Lakini huyo felo wa kuzunguka kliniki kama mshahara wake ni wa daktari wa kawaida wa serikali pamoja na nauli, hiyo sio hela ya kutisha. Nilifikiri mnaongelea dola laki sita.

#18 Otieno_wa_Buru

Si mfanye ya nchi zote? Nyinyi 60, sisi kama 50 tukipiga hesabu hiyohiyo, Uganda nao wana wao. Felo mmoja Dar mmoja Nairobi, rejista moja. Mtu wa Namanga akivuka mpaka asihesabiwe mara mbili.

#19 Dkt_Mwanafunzi_wa_Mifupa

Otieno hiyo nimeipenda, na madaktari wa upasuaji wa kanda tayari tuna chuo kimoja, COSECSA, makao yake Arusha, kwahyo njia ya kufikisha ujumbe kwa madaktari walio mafunzoni wa nchi zote ipo. Hata kabla ya hela, picha moja ya miguu miwili ya mtoto mchanga kwenye slaidi ya mafunzo inatosha kuanzia.

Karani, nisaidie kitu kimoja. Nataka niandike pendekezo la felo wa magonjwa ya kurithi ya mifupa, miaka mitatu. Bajeti ya watu wanaojua bajeti inakaaje?

#20 Karani_wa_Ruzuku

Andika minne. Watakupunguzia iwe mitatu, ukiandika mitatu wanakupa miwili.

Mshahara uweke juu kabisa, wenye ongezeko la kila mwaka, usiandike "posho" maana posho ndo ya kwanza kukatwa. Halafu nauli za wagonjwa na mzazi anayemsindikiza, wafadhili huwa wanaisahau na ndo inayoua tafiti za namna hii, mama wa Sumbawanga hawezi kuja Dar mara tatu kwa upendo wa sayansi. Eksirei na kipimo cha jeni kwa idadi ya watu unaowategemea, ongeza theluthi juu. Mtu wa kutunza rejista, hata nusu siku, alipwe, usimtwishe felo. Usafirishaji wa sampuli uuwekee mstari wake wenyewe. Gharama za chuo asilimia 10 mwisho, waambie mapema. Kifungu cha bei ya dawa nilichosema hapo juu kiwepo kwenye masharti, hata kama rejista yako haitengenezi dawa, maana takwimu zako kampuni zitazitaka.

Ukimaliza rasimu nitumie inbox, nitaipitia kama naipitia ya profesa wa hapa, yani bila huruma.

#21 Dkt_Mwanafunzi_wa_Mifupa

Poa mkuu. Mwisho wa mwezi unaipata, nikitoka zamu za usiku.

#22 MamaKauthar

Narudi kutoa mrejesho. Eksirei imepigwa miguu yote miwili, daktari amesema mifupa ipo kamili, kidole kimepinda tu kama cha babu yake mzaa baba. Nilimwambia kuhusu FOP akaniuliza nimesoma wapi, nikamuonyesha huu uzi kwenye simu, akakaa akausoma nikiwa nimesimama hapo na foleni nje inalalamika.